Sura Iliyofichwa ya Mhusika na Uchaguzi wa Mchezaji katika The Witcher 3: Wild Hunt

Uhakiki wa michezo ya kompyuta yenye masimulizi, hasa ile iliyokusudiwa watu wazima, huelekea kuuchukulia uchaguzi wa mchezaji kuwa ndio kiini cha usanii wake. Makala haya yanahoji mkabala huo kwa kurejelea kisa cha Baroni katika The Witcher 3: Wild Hunt, mchezo wa kampuni ya CD Projekt Red ya Polandi uliotolewa mwaka 2015 kwa msingi wa ulimwengu wa kubuni wa mwandishi Andrzej Sapkowski. Hoja yetu ni kwamba uzito wa uchaguzi hutokana na yale asiyoyajua mchezaji anapochagua.

Geralt, mwindaji wa mazimwi kwa ujira, anafika Velen akimtafuta Ciri, binti aliyemlea. Baroni Phillip Strenger anaahidi kumpa habari za Ciri iwapo atamtafutia kwanza mkewe, Anna, na binti yao, Tamara, waliotoweka. Mwanzoni anajitokeza kama mwenyeji mkarimu na mume mwenye majonzi. Ushahidi uliomo nyumbani mwake unasema vingine: wawili hao walimtoroka. Ni mlevi aliyekuwa akimpiga mkewe, na mimba iliyoharibika imezaa zimwi, kwa kuwa kichanga kilizikwa bila jina. Hapa ndipo anapokuwa mhusika duara: majuto yake hayafuti ukatili wake, wala ukatili haufanyi majuto yawe ya uongo.

Hata hivyo, uamuzi unaofunga kisa hiki haumtaji Baroni. Mchezaji hutakiwa kuiua au kuiachia huru roho iliyofungwa chini ya mti. Akiiachia, mayatima wa kinamasini wanaokoka, lakini kijiji cha Downwarren kinaangamizwa, Anna anakufa na Baroni anajinyonga. Akiiua, mayatima hawaonekani tena. Anna anabaki hai akiwa amerukwa na akili, na mumewe anaondoka naye kumtafutia tiba.

Muundo huu unakaribiana na ngano za mtanziko katika fasihi simulizi ya Kiafrika, ambazo nazo humkabidhi msikilizaji hukumu. Tofauti ni ya mpangilio. Fanani wa mtanziko hueleza kwanza mambo yote, kisha huuliza. Hadhira hubishana ikiwa na ushahidi mmoja. Mchezo huuliza kwanza, kisha hueleza. Mchezaji hapewi nafasi ya hakimu. Anawekwa miongoni mwa watendaji, naye hujutia tendo ambalo alipolitenda lilionekana la huruma.

Udhaifu wa kisa unajitokeza kwa Anna. Naye ana upande uliofichwa: aliwaomba vikongwe watatu wachawi wamwondolee mimba asiyoitaka, kwa ahadi ya kuwatumikia. Lakini siri hiyo tunaipata vinywani mwa vikongwe hao, ilhali Baroni anapewa nafasi ndefu ya kuungama. Hivyo mwathiriwa anasimuliwa, mtesi anajisimulia. Na mwisho wa maisha ya Anna unakuwa kipimo cha kama mumewe ataokoka au la. Hakuna jibu analoweza kuchagua mchezaji litakalougeuza mgawanyo huo wa sauti. Kwa hiyo mhakiki wa tanzu hizi asiishie kuhesabu njia alizofunguliwa mchezaji. Aulize pia ni nani aliyeruhusiwa kuifichua siri yake kwa kinywa chake mwenyewe.