Nyumba Bila Konde: Ujenzi Mpya katika Chozi la Heri

Ni rahisi kuisoma riwaya ya Assumpta K. Matei, Chozi la Heri (2017), kama riwaya ya uponyaji baada ya machafuko. Makala haya yanadai kwamba kinachoponywa humo ni ukoo. Kijiji cha wakulima kinaachwa magofu.

Tuanze na matini yenyewe. Ridhaa anateketezewa aila yake katika Msitu wa Heri, alikohamia utotoni na kuhesabiwa mgeni daima. Lunga naye, baada ya kufutwa kazi, analima Msitu wa Mamba mpaka anapofurushwa. Nyumba yake inavunjika na wanawe wanatawanyika. Chanzo kimojawapo cha mkasa wa Umulkheri, basi, ni ardhi. Utatuzi wake, hata hivyo, ni wa kifamilia: Mwangeka na Apondi wanamlea, nduguze wanapatikana, na wote wanakutana hotelini. Shamba la babake halitajwi tena.

Pengo hili linadhihirika zaidi riwaya inaposomewa Ukunda. Ghasia zilizoanza Likoni tarehe 13 Agosti 1997 zilienea hadi Ukunda na Diani. Watu zaidi ya 100 waliuawa katika eneo hilo, na maelfu, wengi wao kutoka bara, wakakimbia. Nyumba ya udongo na makuti husimamishwa upya kwa muda mfupi. Mnazi huhitaji miaka sita au zaidi ndipo uzae. Isitoshe, kwa desturi ya pwani mnazi waweza kuwa na mwenyewe na ardhi ikawa ya mwingine, na wengi, wenyeji kwa wageni, hawakuwa na hatimiliki. Kwa mkulima wa Kwale, swali la ujenzi mpya si nani amerudi, bali nani atathubutu kupanda mti ambao huenda akaumwa na mwingine.

Yawezekana kutetea kwamba karamu ya hotelini ni kejeli ya makusudi. Lakini msimulizi anaishangilia, hajitengi nayo. Msitu wa Mamba ndio unaobeba ukweli mchungu zaidi wa riwaya hii: kwamba jasho la mkulima halimpi haki ya kubaki. Mwandishi ameuona ukweli huo, akaufunika kwa arusi na malezi. Riwaya ya kijiji kilichorejeshewa konde lake bado inasubiriwa.