Nguzo Isiyosimama: Kuisoma Upya Tamthilia ya Penina Muhando

Wanafunzi wangu hapa Uingereza huimaliza Nguzo Mama (1982) wakiwa na hukumu moja: adui wa mwanamke ni mwanamke mwenzake. Wanawake wa kijiji cha Patata wanakusanyika kuisimamisha nguzo, wanazozana, nguzo inabaki chini. Nami niliisoma hivyo ujanani. Leo naiona hukumu hiyo kuwa ya haraka mno.

Kabla ya ugomvi, Muhando anatuonyesha majumba wanakotoka. Mjane anavamiwa na ndugu wa marehemu wanaodai mali. Ni nani miongoni mwa wenzake awezaye kumtetea waziwazi, ilhali yeye mwenyewe analima shamba lisilo lake na analala katika nyumba ambayo kesho huenda akatolewa? Kinachowatenganisha ni hofu kabla hakijawa chuki. Na hofu hiyo inatengenezwa nyumbani, si penye nguzo.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya Tanzania, ya mwaka 1999, inataka baraza la ardhi la kijiji liwe na wajumbe 7, wakiwamo wanawake wasiopungua 3. Basi mjane wa Muhando angewakuta leo wanawake watatu mbele yake. Ni hatua, siibezi. Lakini watatu hao jioni watarudi majumbani kwao, na huko wataulizwa walisema nini barazani na kwa nini. Mjumbe ajuaye kwamba ataulizwa hujifunza kunyamaza. Na shauri la mjane humalizwa kifamilia, yaani na walewale waliochukua mali.

Wapo wanaolalamika kwamba wahusika hawa ni maumbo matupu, kwa kuwa wanaitwa kwa namba: Bi Pili, Bi Nne, Bi Nane. Kwangu hapo ndipo penye ukali wa kazi hii, kwani taasisi zetu humhesabu mwanamke kabla ya kumsikiliza. (Udhaifu nauona kwa Bi Msimulizi, ambaye mara kwa mara anatufafanulia yale ambayo jukwaa limekwisha kuyasema.)

Niliikumbuka tamthilia hii katika uchaguzi wa chama kimoja cha Waswahili wa huku ughaibuni. Wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume. Kura zilipopigwa, wengi wao walikuwa jikoni wakipakua pilau. Kumbukumbu za mkutano zikaandika kwamba akina mama walihudhuria kwa wingi.