Ustaarabu na Ushenzi katika Uongozi: Karama na Majivuno wa Kusadikika kwa Msomaji wa Mwambao wa Minago na Rumonge

1.0 Utangulizi

Uhakiki wa riwaya zenye viongozi wawili mahasimu umezoea kumweka mmoja upande wa ustaarabu na mwenzake upande wa ushenzi. Mfano unaotajwa mara nyingi ni Lord of the Flies ya William Golding (1954). Ralph anashika gamba la baharini linalowaita watoto mkutanoni. Jack anapaka uso rangi na kuongoza wawindaji wanaoishia kuua. Humo ushenzi unashika nguvu kadiri mkutano unavyovunjika. Makala haya yanadai kwamba Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka miaka mitatu kabla (1951), inauona ushenzi mahali pengine: ndani ya baraza lenyewe. Dai hilo lina uzito wa pekee Minago na Rumonge, ambako maneno "mstaarabu" na "mshenzi" yana historia yake.

2.0 Viongozi wawili mbele ya baraza moja

Kusadikika haina upungufu wa taasisi. Ina mfalme, mawaziri, baraza na magereza. Waziri Majivuno, anayemshitaki Karama, ni msemaji hodari, anajua adabu za baraza, na mashitaka yake yanavikwa joho la kuilinda nchi. Kosa la Karama ni kutaka kueneza elimu ya sheria. Kwa hiyo chombo cha haki kinamhukumu mtu anayetaka haki ifahamike.

Karama hajitetei kwa kukanusha tu. Anasimulia habari za wajumbe sita, yaani Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini, waliotumwa nje ya nchi, wakarudi na maarifa ya kuifaa, wakalipwa kifungo. Kila kisa kinakuwa ushahidi dhidi ya wale wanaoketi kuhukumu. Mshitakiwa anageuka mshitaki bila kuinua sauti wala silaha. Kinachowatenganisha mahasimu hawa si usomi wala ufasaha, maana wote wawili ni wafasaha. Majivuno analitumia neno kuufunga mjadala. Karama analitumia kuufungua. Kipimo cha ustaarabu katika riwaya hii ni utayari wa mwenye mamlaka kumsikia asiye na mamlaka.

Hata hivyo, riwaya ina udhaifu usiofaa kupuuzwa. Majina ya wahusika yanatoa hukumu kabla ya kesi: msomaji hahitaji kumpima mtu aitwaye Majivuno. Aidha, ukombozi wa Karama na wajumbe unapitia ridhaa ya mfalme. Haki inayongoja kiongozi alainike moyo bado haijawa haki ya raia.

3.0 Maneno mawili katika mwambao

Neno "ustaarabu" lina asili ya Kiarabu na lilibeba maana ya kufuata mwenendo wa Waarabu. Katika misafara ya karne ya 19, "washenzi" walikuwa watu wa bara kwa jumla, bila kujali sheria na tawala zao. Katika miaka ya 1880, Muhammad bin Khalfan, aliyejulikana kwa lakabu ya Rumaliza, alijaribu kutoka Ujiji kuipanua himaya yake ya biashara ya pembe na watumwa hadi Burundi, akazuiwa na majeshi ya Mwami Mwezi Gisabo. Kwa msamiati wa misafara, mstaarabu alikuwa mfanyabiashara na mshenzi alikuwa Mwami. Kwa kipimo cha Karama, swali lingekuwa jingine: nani alikuja kuwageuza watu bidhaa?

Dharau hiyo ilipata jibu lake. Katika Burundi, jina "Umuswahili" limetumika pia kumsema mtu mjanja asiyeaminika. Hivyo msemaji wa Kiswahili wa mwambao amerithi neno la kuwadharau wengine na jina la kudharauliwa yeye mwenyewe.

4.0 Hitimisho na pendekezo

Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Kiswahili kinafundishwa katika shule zake. Mtoto wa Minago anaweza kufika darasani akiwa tayari na Kiswahili cha mwaloni na sokoni, chenye alama za Kirundi. Akiambiwa siku ya kwanza kwamba anachosema ni Kiswahili kibovu, amekutana na Majivuno kabla ya kumsoma: taasisi iliyopangika vizuri, yenye lugha safi, isiyosikiliza.

Hapa hapapendekezwi kuachwa kwa Kiswahili sanifu. Mtoto huyo anakihitaji katika mitihani, ofisini na katika Jumuiya nzima. Linalopendekezwa kwa waandaaji wa mitaala ni mambo mawili. Kwanza, usanifu ufundishwe kuanzia kwenye lugha aliyokuja nayo mwanafunzi, kwa kulinganisha na si kwa kuaibisha. Pili, Kusadikika inapofundishwa, historia ya maneno "ustaarabu" na "ushenzi" ifundishwe pamoja nayo, na mwanafunzi aulizwe ni nani katika baraza amepewa nafasi ya kusema, na nani amefungwa kwa kusema. Swali hilo linaihusu Kusadikika, na linalihusu pia darasa ambamo riwaya hiyo inasomwa.