Uhakiki wa Kigezo cha Idadi katika Mafunzo ya Ultrasaundi ya Moyo Chini ya Msimamizi

1.0 Utangulizi

Makala haya yanahakiki kigezo kimoja katika mafunzo ya vitendo ya ultrasaundi ya moyo: idadi ya vipimo ambavyo mwanafunzi hutakiwa kuvikamilisha chini ya msimamizi kabla ya kuruhusiwa kupima peke yake. Kigezo hiki kimezoeleka kiasi kwamba ni nadra kuulizwa kinapima nini hasa. Mwongozo uliotolewa nchini Marekani mwaka 2015 na American College of Cardiology unamtaka daktari anayesomea ubingwa wa moyo, katika hatua ya kwanza, apime mwenyewe wagonjwa 75 na kusoma picha za wagonjwa 150 kwa muda wa miezi 3. Katika hatua ya pili, 150 na 300 kwa miezi 6. Katika hatua ya tatu, 300 na 750. Nchini Uingereza, British Society of Echocardiography imezoea kudai kitabu cha kumbukumbu chenye wagonjwa 250, pamoja na mtihani wa maandishi na wa vitendo. Kwa madaktari wa dharura wa Marekani, ambao huangalia maswali machache tu ya haraka, vipimo 25 hadi 50 huhesabiwa kuwa vinatosha kwa kila aina ya uchunguzi.

Tofauti ya tarakimu hizi si hoja yetu, kwa kuwa kazi zenyewe zinatofautiana. Tunachokihoji ni aina ya ushahidi ambao tarakimu inautoa. Inamwambia mtahini kwamba mwanafunzi amekaa na mashine mara kadhaa. Haimwambii msimamizi alikuwa wapi wakati huo, wala kama mwanafunzi aliwahi kuambiwa kwamba alichokiona hakikuwapo.

Ni haki kusema kwanza kwamba waandishi wa miongozo hii hawakuwa wajinga wa jambo hili. Mwongozo wa 2015 wenyewe unasisitiza umahiri na kuichukulia idadi kuwa makadirio ya uzoefu unaohitajika. Tena idadi ina faida ambayo wakosoaji wake huisahau: humpa mwanafunzi haki ya kuidai mashine. Mahali penye mashine moja na foleni ndefu, mwanafunzi asiye na idadi ya kutimiza atageuzwa msukuma kitanda na mwandika majina. Kasoro huanza pale ambapo kiwango cha chini kinageuka kuwa cheti.

2.0 Kosa lisiloonekana kwenye picha

Ili kuelewa kwa nini usimamizi wa ultrasaundi ya moyo haufanani na usimamizi wa kusoma picha ya eksirei, yafaa tuchukue mfano mmoja na kuufuata hadi mwisho.

Mgonjwa ana valvu ya aota iliyobana. Ukali wa ugonjwa huu hupimwa, pamoja na mambo mengine, kwa kasi ya damu inayopenya kwenye tundu lililobaki. Kasi ikifika mita 4 kwa sekunde, ugonjwa huitwa mkali. Kati ya mita 3 na 4, huitwa wa wastani. Mashine huipata kasi hiyo kwa njia ya Dopla, na Dopla ina sharti moja: mwale wa sauti uelekee sambamba na mkondo wa damu. Ukiwa na pembe, mashine huonesha kasi halisi iliyozidishwa kwa kosaini ya pembe hiyo.

Tuseme kasi halisi ya mgonjwa ni mita 4.4. Mwanafunzi ameishika probu kwa namna ambayo mwale unaukata mkondo kwa nyuzi 30. Mashine itaandika takriban mita 3.8. Tofauti ya shinikizo, ambayo hukokotolewa kwa kuzidisha mraba wa kasi kwa 4, itashuka kutoka milimita 77 za zebaki hadi 58. Mgonjwa ametoka kwenye kundi la ugonjwa mkali na kuingia kwenye kundi la wastani. Ikiwa anapata kizunguzungu na kubanwa na pumzi, alistahili kujadiliwa kwa ajili ya kubadilishiwa valvu. Sasa anaweza kuambiwa arudi baada ya mwaka.

Hapa ndipo palipo na uzito wa suala lote. Picha iliyohifadhiwa haina alama ya kosa hilo. Mchoro wa Dopla unaweza kuwa safi, wenye ukingo uliokamilika na wa kupendeza macho. Msimamizi anayeipitia kazi jioni ofisini anaweza kuiona pembe ikiwa imo ndani ya bapa la picha, lakini mkondo unaweza kuinama kuelekea nje ya bapa hilo, na huko picha haina cha kumwonesha. Tiba ya kosa hili ni ya mkono: kutafuta mkondo uleule kutoka madirisha mengine ya kifua, likiwamo la kulia mwa mfupa wa kidari, kwa probu ndogo isiyotoa picha, huku mpimaji akiongozwa na sikio. Msimamizi aliyesimama kitandani humwuliza mwanafunzi kwa nini hakulijaribu dirisha la kulia. Msimamizi aliye mbali hupokea tarakimu na kuitia saini.

Mfano wa pili una sura hiyohiyo. Probu ikiwekwa mbavu moja juu ya pale inapostahili, chumba cha chini cha kushoto hukatwa kabla ya ncha yake. Chumba huonekana kifupi na cha mviringo, ujazo wake hupungua kwenye hesabu, na damu iliyoganda kwenye ncha yenyewe inaweza kukosekana kabisa. Mwanafunzi huipenda picha hiyo, kwa kuwa ni angavu kuliko ile ya kweli.

3.0 Nani alikuwa ameishika probu?

Neno usimamizi, kama linavyotumika katika vitabu vya kumbukumbu, linafunika hali zisizofanana. Yupo msimamizi aliye kando ya kitanda, yupo aliye chumba cha pili, na yupo anayeona picha siku ya pili. Hali zote tatu huishia kwenye saini moja. Kuna na hali ya nne, ambayo kila aliyewahi kupita kwenye chumba cha eko anaijua hata kama haiandikwi popote: foleni imekuwa ndefu, mwanafunzi anahangaika kuitafuta picha ya ncha, msimamizi anaichukua probu, anamaliza kazi kwa dakika tano, na mgonjwa anaandikwa katika hesabu ya mwanafunzi. Mwanafunzi ametazama sehemu ngumu na kufanya sehemu rahisi. Akirudia hivyo kwa wagonjwa 150, atakuwa amefanya mazoezi 150 ya sehemu rahisi.

Hatusemi msimamizi asiichukue probu. Mgonjwa mwenye maji mapafuni hawezi kulalia ubavu wa kushoto kwa nusu saa ili mtu ajifunze, na mwili wake haukukodishwa kwa chuo. Tunachosema ni kwamba tendo la kuichukua probu ni taarifa, tena taarifa muhimu kuliko jumla ya vipimo. Mahali ilipochukuliwa panaonesha mpaka wa uwezo wa mwanafunzi siku hiyo. Kitabu cha kumbukumbu kinaitupa taarifa hiyo.

Jambo jingine ambalo miongozo ya Kiingereza inalipita kwa haraka ni maneno. Kipimo hiki hufanyika kwa amri ndogondogo: lalia ubavu wa kushoto, mkono chini ya kichwa, vuta pumzi, itoe, ibane hapohapo. Mgonjwa akibana pumzi wakati mapafu yamejaa, pafu hulifunika dirisha na picha hupotea. Mwanafunzi wa Dar es Salaam husoma haya kwa Kiingereza na kuyatamka kwa Kiswahili, mara nyingi mbele ya mtu aliyemzidi umri, ambaye ni lazima amwite mama au mzee na kumwomba afungue kifua. Kumwambia mzee «bana pumzi» kwa sauti ya amri na kumwambia kwa namna ambayo ataelewa abane baada ya kuitoa ni mambo mawili, na la pili huzaa picha bora. Ni sehemu ya umahiri, wala hakuna safu yake kitabuni.

4.0 Ushahidi wa Gulu

Mtu anaweza kujibu kwamba hoja hizi ni za hospitali kubwa zenye mashine kamili. Kinyume chake, zina uzito zaidi pale ambapo kazi imekasimiwa kwa wauguzi wenye mashine za mkononi, kama ilivyofanyika kaskazini mwa Uganda katika kutafuta ugonjwa wa moyo utokanao na homa ya baridi yabisi. Katika utafiti wa sindano za penisilini uliofanyika Gulu, watoto 102,200 walipimwa kwa ultrasaundi. Kati yao 3,327 walidhaniwa kuwa na dalili za awali. Baada ya kipimo cha uthibitisho, 926 ndio waliobainika kuwa na ugonjwa na kustahili kuingizwa katika utafiti. Hatimaye 818 waligawanywa kwa kura: baadhi wakipata sindano kila baada ya wiki 4 kwa miaka 2, wengine bila sindano. Ugonjwa uliendelea kwa watoto 3 kati ya 399 waliochomwa, na kwa 33 kati ya 400 ambao hawakuchomwa.

Utafiti huu husomwa, kwa haki, kama habari njema ya penisilini. Kwa mhakiki wa mafunzo, habari iko kwenye mshuko wa kutoka 3,327 hadi 926. Si wote waliotoka hapo katikati ni makosa ya wapimaji, kwani kichujio cha kwanza hukusudiwa kuwa kipana. Hata hivyo, mshuko huo unaonesha kazi inayofanywa na jicho la pili. Palipo na jicho hilo, mtoto asiye na ugonjwa haanzishiwi sindano za maumivu kila mwezi na mzazi wake haambiwi kwamba mwanawe ana moyo mbovu. Palipo na idadi tu, mpimaji aliyetimiza vipimo vyake ndiye mahakama ya mwisho. Na tarakimu hizo tatu hazisemi lolote kuhusu watoto waliorudishwa darasani kwa jibu la «salama». Kosa la upande huo huwa kimya, mpaka msichana atakaposhindwa kupumua akiwa mjamzito.

Vigezo vya Shirikisho la Moyo Duniani vya mwaka 2012 vinataka damu inayorudi kupitia valvu ya mitro ionekane kwenye mitazamo miwili, iwe na urefu wa sentimita 2 angalau kwenye mmoja, ifike kasi ya mita 3 kwa sekunde, na idumu kwa muda wote wa mkazo wa moyo. Mashine ya mkononi yenye rangi bila mchoro wa Dopla haiwezi kujibu sharti la kasi. Muuguzi aliyefunzwa vizuri ni yule anayejua kwamba mashine yake haiwezi kulijibu. Ujuzi huo haupatikani kwa kuongeza wagonjwa.

5.0 Safu inayokosekana

Tarehe 29 Oktoba 1953, huko Lund, Uswidi, Inge Edler na Hellmuth Hertz walirekodi mwangwi wa moyo unaopiga. Mwangwi mmoja uliotembea kwa kasi Edler aliudhani ni wa ukuta wa chumba cha juu cha kushoto. Alirudi kwenye uchunguzi wa maiti, akaufuata mwelekeo wa mwale, akakuta ni jani la mbele la valvu ya mitro. Mwanzilishi wa fani hii alijifunza kwa kukutanisha alichokiona na kilichokuwamo kifuani.

Mwanafunzi wa leo anaweza kumaliza vipimo vyote vinavyotakiwa bila kukutanishwa hata mara moja. Anamwandika mgonjwa, mgonjwa anaondoka. Kilichoonekana chumba cha upasuaji au kwenye kipimo cha katheta hakirudi kwake. Pendekezo letu kwa vyuo vinavyoandaa mitaala ni dogo na halihitaji mashine mpya. Kila ukurasa wa kitabu cha kumbukumbu uwe na safu tatu zaidi: msimamizi alikuwa wapi, probu ilichukuliwa katika mtazamo upi, kama ilichukuliwa, na baadaye ilibainika nini. Safu ya tatu itabaki tupu kwa wagonjwa wengi. Mtahini aanze na kurasa ambazo haiko tupu, amwombe mwanafunzi aeleze zile ambazo jibu lilimkataa.