Mshika Mbili na Ala za Muziki



Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka, na sisi wazazi tulio ughaibuni tumeigeuza methali hiyo kuwa sheria ya nyumbani. Mtoto akipewa klarineti katika bendi ya shule, tunamwambia aachane na ngoma ya babu yake, kwani muda hautoshi na masomo ni mengi. Sisi wenyewe tumefanya hivyo. Mtoto alitii. Leo klarineti anaipiga bila kukosea hata noti moja, ila bega halitikisiki tena. Ndipo tukajiuliza: je, methali tuliielewa sawasawa? Tukaamua kusikiliza upya kazi za wanamuziki watatu walioshika zaidi ya mbili, wawili kati yao wakiwa wa huku huku Texas.

Tuanze na Clarence "Gatemouth" Brown, aliyezaliwa Louisiana mwaka 1924 na kukulia Orange, Texas. Baba yake alikuwa mpiga fidla, naye mtoto akajifunza nyumbani. Jina lake lilianza kuvuma Houston mwaka 1947, alipopanda jukwaa la Bronze Peacock kuziba pengo la T-Bone Walker aliyekuwa mgonjwa. Wengi walimjua kwa gita, hasa katika "Okie Dokie Stomp" ya mwaka 1954. Lakini mwaka 1959, katika "Just Before Dawn", aliishika fidla. Sikilizeni nyimbo hizo mbili kwa kufuatana. Fidla haikuletwa kama pambo. Ina uchangamfu ule ule wa gita, kama mtu mmoja anayeongea na kisha kuimba. Alichofundishwa na baba hakikumponyoka alipokwenda mjini.

Wa pili ni Ornette Coleman, mzaliwa wa Fort Worth mwaka 1930, bingwa wa saksofoni. Baada ya kukaa kimya kwa muda, mwaka 1965 alirudi jukwaani akiwa na tarumbeta na fidla alizojifunza mwenyewe. Mwaka uliofuata alirekodi "The Empty Foxhole", mwanawe Denardo, mwenye umri wa miaka 10, akipiga ngoma. Wapo wanamuziki waliobeza. Tuseme ukweli: tarumbeta yake haifikii saksofoni yake, na anayetafuta ufundi wa vidole hapo atatoka mikono mitupu. Hata hivyo, katika kipande kiitwacho "Sound Gravitation", fidla anaisugua kwa kasi mpaka nyuzi zinakuwa kama ngoma. Vidole vyake vilikuwa vimeizoea mno saksofoni, naye alitaka ala ambayo ingemlazimisha kutafuta upya. Sisi tunaona alishindwa kwa ufundi, akafaulu kwa ujasiri.

Wa tatu ni wetu, Hukwe Zawose wa Ugogo, aliyefundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo na kufariki Desemba 2003. Katika "Chibite" ya mwaka 1996, aliyorekodi na Charles Zawose, ilimba, zeze na sauti yake vinapokezana bila mshono kuonekana. Siri yake ni kwamba katika muziki wa Wagogo sauti ya mwimbaji, uzi wa zeze na vyuma vya ilimba hufuata mpangilio mmoja wa sauti. Kwa hiyo Zawose hakujifunza vitu vitatu. Alijifunza lugha moja, akaizungumza kwa vinywa vitatu. Kwa maoni yetu, yeye ndiye aliyefika mbali kuliko wote watatu, kwa sababu kwake hatusikii juhudi ya kubadilisha ala. Tunasikia wimbo tu.

Basi methali ina ukweli wake, lakini ukweli huo ni wa mikono. Mikono ina saa zake, na mtoto anayerukia ala tano kwa mwaka hatazijua hata moja. Coleman mwenyewe alikuwa ameshakomaa katika saksofoni kabla ya kuigusa fidla mbele za watu. Sikio, kwa upande wake, halijazwi. Mtoto aliyepiga ngoma huijua mahali inapoangukia pigo, na ujuzi huo huingia naye hadi kwenye klarineti.

Kosa letu halikuwa kumtaka mtoto afanye bidii katika ala moja. Kosa lilikuwa kumwambia kwamba ile ya nyumbani ndiyo ya kuachwa. Hapa ugenini ya shule ina mwalimu, sare na mashindano. Ya nyumbani haina mlinzi ila sisi.

Ngoma tumeishusha kutoka juu ya kabati na kuifuta vumbi. Hatujamwambia kitu, ila tumeiweka karibu na klarineti, tukamwachia mwenyewe achague ataanza na ipi.