Daftari Lisilofutwa: Hesabu ya Sare Katika Duka la Lubudi

Lubudi, mji uliojengeka kando ya njia ya reli iliyofika Bukama mwaka 1918, hujulikana katika mkoa wa Lualaba, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kwa saruji yake kuliko kwa jambo lolote la kompyuta. Walakini mfanyabiashara mdogo anayeuza sare huko, yaani mashati meupe na suruali au sketi za buluu za wanafunzi, pamoja na ovaroli na buti za watu wa kiwandani na wa migodini, amebeba hesabu ambayo programu za kawaida za duka aghalabu hushindwa nayo. Ndiyo sababu programu ya akiba ya duka la namna hii hufaa kutungwa makusudi, na katika utunzi huo jambo moja, nalo ni kutoiweka kamwe idadi ya bidhaa kama namba ya kufutwa na kuandikwa upya, lina uzito kupita mengine yote.

Sare haiuzwi kwa jina lake tu. Shati jeupe lenye saizi 10, mkato wa kike na wa kiume, mkono mrefu na mkono mfupi, ni bidhaa 40 mbalimbali, na mojawapo yaweza kumalizika ilhali zingine zimejaa rafuni. Hata tajiri akiambiwa na programu yake kwamba ana mashati 200, hajaambiwa kitu, iwapo mzazi aliyesimama mbele yake anataka saizi ya mtoto wa miaka 8 nayo haimo. Basi kila vazi kwa saizi yake na mkato wake hupewa namba ya peke yake, ikachapwa kwenye kibandiko kama msimbopau. Na jambo hilo, lililoanza kutumika katika duka moja la Troy, Ohio, mwezi Juni 1974, leo lasomeka kwa kamera ya simu ya kawaida, kwa hiyo sitalirefusha.

Uzito wa kazi umo katika daftari. Fundi asiye na mazoea hutengeneza jedwali lenye safu ya idadi: zilikuwapo 12, imeuzwa 1, hufuta 12 na kuandika 11. Siku rafu itakapokutwa na 9, hapana awezaye kusema zile 2 zimekwenda wapi, kwa maana ushahidi umefutwa pamoja na namba za zamani. Waweka hesabu wa Venice, ambao taratibu zao zilichapishwa na Luca Pacioli mwaka 1494, walikwisha kuiepuka hatari hiyo, kwani ingizo lililokosewa walilisahihisha kwa kuandika jingine la kinyume chake. Programu iliyotungwa vyema huwafuata: ina jedwali la miendo ya mali, na kila mstari wataja bidhaa, tarehe, mahali, idadi iliyoingia au kutoka, sababu yake na aliyeandika. Akiba ni jumla ya miendo hiyo, inayopigwa kila inapoulizwa, na simu ya leo hujumlisha maelfu ya mistari kabla mteja hajamaliza kuhesabu noti zake.

Na biashara ya sare ina desturi yake ya kubadilisha. Mama hununua saizi 8, mtoto akaivaa nyumbani ikambana, na kesho yake huirudisha apewe 10. Hiyo ni miendo miwili, 8 kuingia na 10 kutoka, nayo lazima ifungwe katika muamala mmoja, iandikwe yote au usiandikwe hata mmoja. Kwani lau umeme ungekatika baada ya mwendo wa kwanza, daftari lingeendelea kuonyesha shati la saizi 10 ambalo mama amekwisha kwenda nalo.

Chombo kinachofaa kulinda muamala huo ni hifadhidata iitwayo SQLite, na asili yake yastahili kutajwa. D. Richard Hipp aliitunga mwaka 2000, baada ya kufanya kazi ya programu za manowari ya Marekani, USS Oscar Austin, ambamo hifadhidata ilikaa katika seva, na seva isipojibu programu nayo ilikwama. Ikamjia fikra kwamba data isomwe moja kwa moja kutoka diski, pasipo seva katikati. Dhiki ile ya manowari ndiyo dhiki ya duka la Lubudi, ambako mtandao ukipotea mteja hangojei urudi. SQLite huweka data yote katika faili moja ndani ya kifaa cha dukani, haina ada, na kabla ya muamala kukamilika huweka kumbukumbu ya kando, ili umeme ukirudi muamala uliokatika utanguke na daftari lirejee lilivyokuwa.

Tajiri akiwa na duka Lubudi na ghala Kolwezi, fadhila ya miendo hudhihirika zaidi. Lau kila kifaa kingepeleka habari kwamba “zimebaki 11”, habari ya mwisho kufika ingeifuta iliyotangulia, pengine yenyewe ndiyo yenye kosa. Miendo, kinyume chake, hujumlishwa, na jumla haijali upi ulitangulia: ukitoa 3 kisha ukaongeza 20, au ukaongeza kwanza ndipo ukatoa, tofauti haipo. Kila mwendo hupewa na kifaa chake kitambulisho cha biti 128, hata ukipokewa mara mbili kwa sababu ya mtandao kuyumba, wa pili hutambuliwa ukaachwa. Mimi naliona hili kuwa zuri kupita yote katika kazi hii, kwa kuwa mwenye simu mbili za bei nafuu hupata usahihi ambao wengine huununua kwa fedha nyingi.

Bei nayo huandikwa pamoja na sarafu yake, dola au franka, na kiwango cha siku ile ile, wala mauzo ya jana hayageuzwi kwa kiwango cha leo. Ama agizo la Septemba, shule zinapofunguliwa, halikadiriwi kwa wastani wa miezi, bali kwa miendo ya misimu iliyopita, saizi kwa saizi. Na madhali elimu ya msingi katika shule za serikali ilifanywa bure mwaka 2019, misimu iliyotangulia hapo isiingizwe katika makadirio hayo, ingawa mistari yake hubaki daftarini.