Off Inavyofanya Kazi Penye Usingizi

Ukimwambia mwanafunzi kwamba nod off ni kusinzia, hujamdanganya, ila hujamfundisha pia. Siku moja ataandika muhtasari wa kikao: "The chairman nodded." Msomaji ataelewa kwamba mwenyekiti aliafiki hoja, kumbe mzee wa watu alikuwa amelala.

Nod peke yake ni kuinamisha kichwa, aghalabu kwa kukubali. Off ndiyo inayomvusha mtu kutoka macho hadi usingizini. Linganisha doze na doze off. "He dozed all afternoon" ni sawa: alishinda akisinzia. "He dozed off all afternoon" haiendi, kwa sababu doze off ni ile nukta ya kuvuka, na nukta haichukui mchana kutwa. Sisi kazi hiyo tumekikabidhi kiambishi. Mtoto anasinzia: wahi kumpa kijiko cha mwisho cha uji. Mtoto amesinzia: mpeleke kitandani. Mimi somo ningelianzia hapo, kwenye -na- na -me-, kabla hata ya kugusa kamusi.

Kisha kuna suala la mtendaji. Kwetu usingizi ndio wenye nguvu. Unatushika, unatuchukua, unatupitia. Ndiyo maana "nilipitiwa" iko karibu na I nodded off kuliko "nililala", maana zote mbili zinabeba kutokusudia. Mtego uko kwenye umbo. Nilipitiwa ni kauli ya kutendwa, na mwanafunzi huiburura hivyo hivyo mpaka kwenye Kiingereza, akaandika I was nodded off. Haipo. Nod off haina yambwa, kwa hiyo haina cha kutendwa.

Drift off ni ya taratibu, ya mtu aliyekwisha kujilaza. Nod off inapenda zaidi kiti: darasani, kanisani, mbele ya televisheni.

Drop off ndiyo yenye vituko. Ikipewa yambwa ni kumshusha mtu mahali: I dropped my sister off at Ubungo. Ikikosa yambwa, hasa kwa Waingereza, ni kupitiwa na usingizi. Basi abiria anayesema I dropped off at Ubungo, akidhani ameeleza alikoshukia, ametangaza kwamba hapo Ubungo ndipo usingizi ulipomchukua. Kushuka garini ni I got off.